Santuri Arobaini Zisizo na Majina

Adeer Warsame (adeer ni ami, ndivyo wote tulivyomwita kwa heshima) amefia kwenye baridi, yeye aliyekuwa akiilaumu hata feni kwamba inampa mafua. Habari ilinifikia kwa simu asubuhi moja nikiwa jikoni, na kusema kweli siku ile sikulia. Nilikasirika. Karibu miaka thelathini alikuwa akinipigia kila Idi kutoka Marekani na kuniambia, "Inshallah mwakani nakuja," nami kila Idi namjibu, "Adeer, huo mwaka wako una miezi mingapi?" Basi mwezi uliopita aliyekuja Garissa ni binti yake Ubah, msichana mrefu aliyezaliwa hukohuko, Kiswahili hajui hata salamu, lakini Kisomali chake ni kile cha Mogadishu cha baba yake, na ukifumba macho unamsikia mzee mwenyewe. Nikampa chai ya maziwa ya ngamia. Akatoa bahasha ya kaki. "Baba alisema nikupe mkononi, nisimpe mtu mwingine." Nikaiweka kwenye rafu, chini ya thamosi, kwa sababu najijua: nikiifungua nitalia na chai itapoa. Nilitaka kwanza nimweleze mtoto huyu baba yake alikuwa nani kabla ya yeye kuzaliwa, na alinifanyia nini mwaka wa tisini na tano. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache niliyoyameza.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho kipya, na mdomo. Adeer alikuwa na duka la kaseti, chumba kimoja karibu na soko, milango miwili tu kutoka msikitini. Pazia la kijani liligawa chumba hicho. Mbele kulikuwa na rafu za kaseti na mashine mbili za kurekodia. Nyuma kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, mkeka, na mahali pa wanawake kukaa wakitaka kusikiliza bila kutazamwa. Katikati, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, ilikaa gramafoni. Watu wengine walipokimbia vita Mogadishu walibeba dhahabu. Yeye, aliyekuwa muuza santuri huko, aliibeba hiyo gramafoni ndani ya blanketi, na hakuwa na santuri hata moja ya kuipigisha. Kazi ya duka ilikuwa hiyo basi: kutafuta santuri za zamani, kuzihamishia kwenye kaseti, na kuwauzia watu kaseti. Adhana ikianza tulizima kila kitu, kwa kuwa imamu alikuwa jirani mwema na hatukutaka kumjaribu. Adhuhuri Adeer alipika baasto, zile tambi ndefu, tukazila na ndizi mbivu pembeni kama walavyo watu wa kwao. Mara ya kwanza nilidhani ndizi ni ya baadaye, nikaiweka kando. Akaniangalia kama niliyemtukania mama.

Kulikuwa na mtu wa tatu, mpwa wake, Bile. Yeye alikaa kwenye mashine. Alikuwa na mwandiko mzuri, siwezi kumnyima hilo. Alisoma jina la wimbo kwenye ile karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri, akaliandika kwenye kaseti kwa wino mwekundu na mweusi, na wateja wakapenda. Lakini alikuwa na lake. "Msichana na duka la nyimbo?" aliniambia siku moja. "Watu watasema nini?"

"Watasema duka lina msichana," nikamjibu. "Andika kaseti yako."

Mambo kati yetu hayakuwa mzaha, kwa sababu jina la Adeer lilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa Marekani, na lingeweza kutoka siku yoyote. Alituambia wazi, sote wawili tukiwa tumekaa mkekani na tambi mikononi: "Nikiondoka, ufunguo ni mmoja. Nitampa yule ambaye duka halitafia mikononi mwake." Bile akatabasamu kama mtu aliyekwisha kupewa. Mimi niliutaka ule ufunguo. Niliutaka kuliko nilivyotaka mume, na wachumba walikuwepo, msinidharau.

Nilichokuwa nacho mimi na wao hawana ni kitambulisho. Kwenye daraja la mto Tana palikuwa na kizuizi cha polisi, na Adeer wala Bile hawangeweza kupita pale kwenda Nairobi. Kwa hiyo mnunuzi wa santuri nilikuwa mimi. Nilisafiri na Eddo Khadra, muuza maziwa, ambaye hakuwa ndugu yangu kwa damu ila kila mtu Garissa alimwita Eddo, yaani shangazi. Alipeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwenye mitungi ya plastiki iliyofungwa magunia mabichi ili yasichache, na akishauza, alinisindikiza mjini kama askari. Duka tulilolipenda lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya River Road, la mzee mmoja Mkamba, Mzee Kimeu. Mbele aliweka santuri mpya, bado ziko kwenye makaratasi yake ya kiwandani, ambazo hakuna aliyezitaka tena kwa sababu dunia ilikwisha hamia kwenye kaseti. Nyuma, ndani ya makatoni ya sabuni, ndimo zilimokuwa zile zilizotumika, zilizouzwa na wajane, na baa zilizofungwa, na vijana waliorithi wasichokipenda. Ungeinama pale saa mbili, vidole vyeusi kwa vumbi, ukapata taarabu, rumba, nyimbo za Kihindi, za Sudani, na katikati yake, ukibahatika, sauti ya mtu wa kwenu. Mzee Kimeu alikuwa na sheria moja: kusikiliza ni nusu dakika. Ikipita anainua sindano, hata kama umeanza kulia.

"Mzee, bunguza," Eddo Khadra alimwambia kila safari, Kiswahili chake kikiwa kimevaa Kisomali juu.

"Mama, hii ni mpya. Haijaguswa na sindano tangu itoke kiwandani."

"Kama miaka kumi hakuna mtu ameigusa, hakuna mtu anaitaka. Bunguza."

Na alipunguza. Kisha alikaa chini na kitabu chake cha risiti, akaandika kila santuri polepole, namba yake na jina lake, mstari kwa mstari, huku mimi nikitazama saa na kujiuliza wazee hawa wana nini na kuandika. Risiti ikawa ndefu kama orodha ya harusi. Nikaikunja na kuiweka kifuani.

Safari ya kwanza nilifika Garissa na santuri sita zimejikunja. Mnalijua jua la barabara ile baada ya Mwingi. Adeer aliinua moja, akaipima kwa jicho, akauliza, "Hii ni santuri au bakuli la mchuzi?" Bile alicheka siku mbili. Kwa hiyo safari ya pili, nilipokuwa na santuri arobaini, nyingi kuliko zote tulizowahi kupata, Eddo Khadra alinipa akili. "Maziwa yangu yanafika Nairobi salama kwa nini? Gunia bichi. Hizo zako nazo zinataka nini? Gunia bichi." Mimi mwenyewe niliona ni busara kubwa. Nikazipanga ndani ya gunia, tukalimwagia maji. Mwingi tukaongeza maji, na Bangale tukaongeza tena. Nilikaa njia nzima nimeweka mkono juu ya gunia, linapoa vizuri, nikijiambia kwamba ufunguo ni wangu.

Nilipolifungua dukani, makaratasi ya kufunikia yalikuwa uji. Hilo si neno. Lakini zile karatasi za katikati, zenye jina la wimbo na la mwimbaji, zilikuwa zimelowa, zikasuguana, zikabanduka, zikabaki vipande vya rangi vilivyoganda gunini. Hakuna santuri moja uliyoweza kuisoma. Santuri arobaini nzima, nyeusi, zimenyooka sawasawa, hazina majina. Bile alishika kichwa. "Ameziosha! Adeer, ameziosha kama watoto!" Kisha, kwa sauti ya mtu anayejua hesabu imekwisha: "Nitaandika nini kwenye kaseti? Hizi ni za kutupa." Nilitamani ardhi inimeze. Nilifikiri, basi, Halima, rudi nyumbani ukaolewe.

Adeer aliweka kando sahani yake ya tambi. Alichukua santuri moja, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiinamisha, akaizungusha taratibu, macho yake karibu na tundu la katikati. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilidhani anatafuta mikwaruzo. Kisha akaniomba risiti. Nikaitoa kifuani, kavu kabisa, akaisoma toka juu mpaka chini, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Karatasi ina majina," alisema. "Santuri zina nyimbo. Aliyezilowesha ndiye atakayezitaja." Akarudi kwenye tambi zake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusikiliza. Kila siku baada ya adhuhuri niliweka santuri moja, nikaipiga kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikairudia, nikairudia tena, mpaka Bile akatia pamba masikioni kwa makusudi ili niione. Sikuwa na namna ila kuwauliza watu. Eddo Khadra alileta wauza maziwa wenzake, wakajaa nyuma ya pazia la kijani, wanakunywa chai na kubishana. "Huyo ni fulani!" "Fulani gani? Fulani hakuwa na pumzi kama hiyo, alikuwa na pumu." Wakikubaliana, nilikata kipande cha plasta ya hospitali, nikaandika jina, nikakibandika katikati. Mwalimu mmoja kutoka Lamu alinitajia za taarabu zote bila kuketi, akashindwa moja, akarudi kesho yake akiwa nayo. Fundi cherehani wa jirani alizijua za Sudani. Nyimbo nyingine zilitajwa na watu wapita njia waliosimama ghafla mlangoni na kifurushi cha nyanya mkononi. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nazitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa pumzi ya kwanza, kwa namna ngoma inavyoingia, hata kwa ule mkwaruzo wa mwanzo, kwa sababu kila moja ina mkwaruzo wake. Na bado Adeer hakunisifu. Siku moja nilikuwa nyuma naosha vikombe nikamsikia akimwambia Eddo Khadra, "Msichana ana masikio, lakini bado anatumia macho." Niliumia! Nilivigonganisha vikombe makusudi ili ajue nimesikia. Nimemvumilia mzee huyu na tambi zake, nimezunguka mji mzima kama mpiga mbiu, na hayo ndiyo malipo?

Leo naelewa alikuwa akiwatazama wateja. Mimi nilifikiri duka linasimama kwa majina. Lakini wateja wetu walikuwa wachungaji na wake zao, watu wa Balambala na Ijara na kando ya mto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia akataja jina la wimbo. Waliingia na wimbo wenyewe mdomoni. Mstari mmoja, au nusu, au "ule unaolia hivi." Bile alikuwa akiwauliza jina, wakikosa jina anawaonyesha rafu wachague, nao huondoka na kitu wasichokitaka, kwa adabu.

Mwezi wa tisa aliingia mama mmoja kutoka Balambala, vumbi la safari bado liko kwenye shuka yake. Alisalimia, akaulizwa hali ya mvua na ya mifugo kama ilivyo desturi, kisha akasema binti yake anaolewa Alhamisi. Alikuwa anatafuta wimbo ambao dada yake, marehemu, alikuwa akiuimba walipokuwa wakisuka mikeka ya nyumba ya bibi harusi. "Yeye ndiye angekuwa anasuka sasa," alisema. "Nataka awepo."

"Jina la wimbo, mama?" Bile aliuliza, kidole tayari kwenye daftari.

"Jina? Ningelijua jina ningesafiri kuja kwako?"

Akaanza kuimba, au tuseme kuguna, kwa sababu sauti ilimkauka. Hazikuwa hata sekunde tano. Bile alikuwa bado anapekua kurasa. Mimi nilikwisha inuka. Nilijua kabla hajavuta pumzi ya pili, na sikutazama plasta, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye santuri ya tisa kutoka kushoto, nikaishusha sindano si mwanzoni bali pale pale alipoguna. Sauti ikatoka. Yule mama alikaa chini, sakafuni, na shuka yake yote, akaufunika uso kwa mikono miwili. "Ndiye," alisema. "Wallahi ndiye." Nami nililia, kwa nini niseme uongo, nililia waziwazi mbele ya Bile. Nilipogeuka niliona pazia limesogezwa na Adeer amesimama pale, uma mkononi, tambi zinaning'inia, amesahau kula.

Jina la Adeer la kwenda Marekani lilitoka mwezi wa kumi na moja. Siku ya kuondoka duka lilijaa watu, na Bile akiwepo, na Eddo Khadra amevaa vizuri kuliko siku za Idi. Adeer hakutoa hotuba. Aliuweka ufunguo juu ya gramafoni na kunitazama mimi. Bile akasema, "Kaseti nitakuandikia mpaka nipate kazi nyingine, maana mwandiko wako unatisha." Na aliandika kweli, mwaka mzima. Leo ana duka la nguo Eastleigh na kila Ramadhani ananiletea baibui. Adeer aliponiaga aliniinamia sikioni. "Thelathini na tisa," alisema. "Umebakiza moja."

Ilikuwa kweli. Santuri moja haikupata plasta. Mwanamume anaimba maneno machache ya Kiborana, kisha anapiga mbinja ndefu, kisha maneno tena. Lugha tuliijua, wimbo hakuna aliyeujua. Mke wa polisi mmoja Mborana alisema si wa upande wao. Niliitunza miaka yote hiyo. Kaseti zilikufa, simu zikaja, duka likawa la vocha, kisha nikaitwa kwenye redio ya hapa mjini, na kila Ijumaa alasiri nina kipindi cha nyimbo za zamani. Watu hunipigia wakaguna mstari mmoja, nami nawatafutia. Hawanishindi mara nyingi, nasema hivyo bila haya.

Basi nilipomaliza kumsimulia Ubah, chai ilikuwa imepoa kwa njia nyingine. Nikaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na risiti ya Mzee Kimeu. Ileile. Imekuwa ya manjano, mikunjo yake imeshikiliwa na utepe wa gundi, na pembeni mwa kila mstari kuna alama ya tiki, kwa kalamu ya risasi, na mwezi nilipoutambua wimbo ule. Alikuwa akinisahihisha kama mtihani! "Baba alisema," Ubah aliniambia, akijikumbusha neno kwa neno, "mwambie Halima ashike santuri kwenye mwanga, atazame karibu na tundu."

Nikaleta santuri ya kwanza iliyonijia mkononi. Nikaiinamisha dirishani, Ubah akanimulikia kwa simu. Pale panapong'aa, kati ya mwisho wa wimbo na plasta yangu, palikuwa na namba ndogo iliyokwaruzwa kiwandani. Nikatazama risiti. Namba ileile, na kando yake jina. Nikaleta nyingine. Vilevile. Kila santuri ilikuwa imekuja na namba yake mwilini, na mimi nilikuwa nimembebea orodha kifuani, kavu. Mtu aliyeuza santuri Mogadishu maisha yake yote alilijua hilo siku ileile, pale mlangoni. Angezipanga zote arobaini kabla baasto haijaiva. Bile angeandika majina kwa wino wake mwekundu, na mwezi wa kumi na moja ufunguo ungekuwa wake. Nilicheka mpaka Ubah akaogopa, kisha nikalia kile kilio nilichokuwa nimekikosa kwenye simu. Mzee wewe! Miezi tisa unanitazama nahangaika na umekaa na majibu mfukoni!

Mstari mmoja tu haukuwa na tiki. Ubah alikwisha uona, akafungua mdomo. "Usiniambie," nilimkataza. Nikamrudishia karatasi ashike yeye.

Ijumaa ile nilimchukua studio. Niliipiga ile santuri ya Kiborana, mbinja yake na yote, nikawaambia wasikilizaji nimeitafutia jina tangu nikiwa msichana. Simu nne hazikuwa kitu. Ya tano ilikuwa ya bibi kizee kutoka Griftu, huko kaskazini, na mjukuu ndiye aliyemshikia simu. Hakunijibu kwanza. Alipiga mbinja, ile ile, kwa meno aliyobakia nayo, akaimaliza mpaka mwisho ambao santuri yangu huukata. Kisha akacheka na kutaja jina. Nilimtazama Ubah upande wa pili wa meza. Alikuwa na kidole kwenye ule mstari usio na tiki, macho yamejaa machozi, anaitikia kwa kichwa. Nikamwomba karatasi, nikachukua kalamu ya risasi, nikaweka tiki, nikaandika na mwezi.